Pikapu kuukuu na braketi inayokatika kila msimu wa korosho

MSIMU wa korosho unapofunguliwa kusini kila ifikapo Oktoba, macho ya wengi huelekea kwenye mnada. Mkulima wa Masasi huuliza bei ya juu ni ngapi na bei ya chini ni ngapi. Mfanyabiashara mdogo huuliza fedha zitaingia lini ili mzunguko wa biashara uanze. Ni wachache wanaouliza swali linalotangulia hayo yote: korosho itatoka vipi shambani hadi ghalani?

Katika kata ya Lisekese, ndani ya mji wa Masasi, jibu la swali hilo mara nyingi utalikuta limeegeshwa kando ya barabara, boneti ikiwa wazi. Ni pikapu kuukuu, Land Rover 109 au Toyota Hilux ya miaka ya 1980, na dereva wake amesimama mbele ameshika mkanda wa feni kwa mkono mmoja na kipande cha chuma kilichokatika kwa mkono wa pili. Magunia yako nyuma, utingo amelala juu yake.

Kipande hicho cha chuma mafundi hukiita braketi. Ndicho kinachoishikilia alteneta kwenye injini. Ukimuuliza dereva atakwambia kilichomelewa wiki mbili zilizopita, na msimu uliopita kilichomelewa pia. Akifika gereji kitachomelewa tena, fundi atasema, "Bosi, hiyo imeshika," na gari litaondoka likisubiri siku nyingine ya kukwama.

Tatizo hili linaonekana dogo, la fundi na spana yake. Lakini linakula faida ya mwenye gari, linamchelewesha mkulima kufikisha mzigo wake, na kwa baadhi ya magari linahatarisha maisha. Ndiyo maana linastahili kuchambuliwa kama tunavyochambua bei na pembejeo.

Mzigo umeongezeka

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho zake chama cha msingi, na kutoka hapo mzigo huenda ghala kuu kusubiri mnada. Maana yake ni kwamba kabla mnunuzi hajagusa gunia, gunia hilo limekwisha kusafiri mara mbili.

Mzigo wenyewe umekuwa ukiongezeka. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na wakati ule ilionekana ni rekodi itakayochukua muda kuvunjwa. Msimu wa 2024/25 mavuno yalivuka tani 500,000. Umuhimu wa usafiri ulionekana wazi mwaka 2018, pale Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo na malori ya Jeshi la Wananchi yakaingizwa katika kazi ya kusomba.

Malori, hata hivyo, hufuata maghala. Njia ya kutoka kwenye mikorosho hadi chama cha msingi, yenye mchanga mwingi na upana wa gari moja, imebaki kuwa kazi ya baiskeli, bodaboda, toyo na pikapu. Toyo hubeba magunia machache. Anayetaka kuhamisha karibu tani moja kwa safari moja, yaani magunia 12 ya kilo 80, humtafuta mwenye pikapu.

Na pikapu hiyo kwa kawaida ni ya zamani. Anayeagiza gari nje hukutana na ushuru wa forodha, ambao kwa magari mengi katika Afrika Mashariki umekuwa asilimia 25, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na juu yake tozo ya uchakavu kwa gari lililopita umri. Mfanyabiashara mdogo akipiga hesabu hiyo huona heri alilonalo. Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, haina kompyuta, na fundi wa mtaani anaweza kuifungua injini yake chini ya mwembe.

Uamuzi wa kubaki na gari kuukuu si kosa. Kosa ni kuliendesha gari kuukuu kwa matengenezo ya dharura kila mara.

Kifaa kimoja, kazi nyingi

Wapo wanaodhani alteneta ni kifaa cha kuchaji betri tu, kwa hiyo braketi ikilegea si neno, ilimradi gari linawaka na safari ni ya mchana. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Katika Land Rover 109 mkanda mmoja huzungusha vitu vitatu: feni, pampu ya maji na alteneta. Alteneta hiyo ndiyo inayoukaza mkanda. Braketi ikikatika, alteneta hulala, mkanda hulegea au huruka, pampu ya maji husimama na maji ya rejeta hayazunguki tena. Dereva asipoiona sindano ya joto mapema, gasketi ya silinda hedi inaungua, na hedi yenyewe inaweza kupinda. Tatizo la kipande cha chuma linageuka kuwa kushusha injini.

Katika Hilux nyingi za dizeli hali ni nzito zaidi. Nyuma ya alteneta imefungwa pampu ndogo inayovuta hewa kwa ajili ya busta ya breki. Pampu hiyo inalainishwa na oili ya injini, inayopita kwenye mipira maalumu. Braketi ikikatika, dereva anaweza kupoteza mambo manne kwa mpigo: chaji, upoozaji wa injini, oili kama mpira umechomoka, na wepesi wa breki. Busta ikiishiwa nguvu baada ya kukanyaga mara moja au mbili, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kwa anayetoka Newala, juu ya uwanda wa Makonde, akiteremka kuja Masasi na tani moja nyuma, hilo si jambo la kuahirisha hadi kesho.

Braketi haijikati yenyewe

Chuma kinene hakikatiki bila sababu. Kikikatika mara mbili mahali pale pale, kuna kitu kinachokikata, na kazi ya fundi ni kukitafuta hicho. Katika pikapu kuukuu za aina hizi, sababu kubwa ni tano.

Ya kwanza ni alteneta isiyo ya gari hilo. Alteneta ya asili ikifa, mwenye gari hununua ya mtumba kutoka kwenye gari la Kijapani kwa kuwa ndiyo inayopatikana. Hakuna ubaya, ila miguu ya alteneta hiyo haina upana sawa na braketi iliyopo. Fundi hujazia nafasi kwa washa nne au tano, au hukata bamba jembamba na kulitoboa. Alteneta inabaki imening'inia kwa mguu mmoja wa mbele, na mguu wa nyuma hauna pa kushika. Kila injini inapotikisika, uzito wote unapinda lile bamba, kama mtu anavyokunja waya huku na huku mpaka ukatike.

Ya pili ni puli zisizokaa kwenye mstari mmoja. Puli ya krenki, ya feni na ya alteneta zinatakiwa kutazamana sawasawa. Alteneta ikikaa mbele au nyuma hata kwa milimita chache, mkanda huvutwa upande. Utaona mkanda unaliwa ubavu mmoja, unatoa unga mweusi na kupiga kelele asubuhi. Mkanda unaovuta upande unaivuta braketi upande pia.

Ya tatu ni mkanda uliokazwa kupita kiasi. Dereva aliyechoshwa na kelele hutia bomba kubwa nyuma ya alteneta na kulisukuma kwa nguvu zake zote. Kelele inaisha, lakini beringi za alteneta na za pampu ya maji zinabeba mzigo usio wao, na braketi inaishi katika mvutano mchana na usiku. Mkanda ukibonyezwa kwa dole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi, unatakiwa kuingia ndani kiasi cha milimita 10 hivi. Usiobonyea kabisa umekazwa mno.

Ya nne ni bolti. Hii hupuuzwa kuliko zote. Land Rover za zamani zilitengenezwa kwa vipimo vya inchi, wakati magari ya Kijapani ni ya milimita. Bolti ya inchi 5 kwa 16 na bolti ya milimita 8 zinakaribiana unene kiasi kwamba jicho halitofautishi. Lakini nafasi kati ya meno yake si sawa: ya kwanza, kwa meno membamba yanayotumika sana kwenye Land Rover, ni milimita 1.06 hivi, na ya pili kwa kawaida ni milimita 1.25. Fundi akiilazimisha ya milimita kwenye tundu la inchi, inaingia mizunguko miwili mitatu, inakaza, naye anaridhika. Kumbe imekula meno ya injini yenyewe. Baada ya safari kadhaa inalegea, alteneta inaanza kucheza, tundu la braketi linakuwa la yai, na mwisho wake unajulikana.

Ya tano ni mtikisiko unaotoka kwingine. Injini hukaa juu ya raba zake, zile ambazo mafundi huziita mauntini. Raba zikiwa zimelowa oili kwa miaka mingi au zimepasuka, injini hupiga kila gia inapoingizwa na kila gurudumu linapotumbukia shimoni. Feni iliyovunjika ncha ya bawa moja nayo haizunguki kwa uwiano, inatikisa kila kilichofungwa mbele ya injini. Unaweza kutengeneza braketi bora kuliko zote. Mtikisiko usipoondolewa itakatika tu.

Ubaya wa kuchomelea juu ya kuchomelea

Braketi nyingi za kiwandani za magari ya zamani zilimiminwa kwenye kalibu. Chuma cha aina hiyo ni kigumu lakini hakipindi, kinapasuka. Kukichomelea kwa vijiti vya kawaida, vile vya kuchomelea madirisha na mageti, huonekana kumefaulu siku ile. Lakini pembeni ya mshono chuma huwa kimekauka kama ukoko na ufa mpya huanzia hapo. Ndiyo maana madereva husema, "imekatikia jirani." Chuma hicho huhitaji kijiti chenye nikeli, kipashwe moto kwanza na kiachwe kipoe polepole, si kumwagiwa maji.

Kuna madhara mengine. Wapo wanaochomelea braketi ikiwa bado ipo kwenye gari, betri haijachomolewa. Umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kupita kwenye alteneta na kuunguza dayodi zake. Dereva anaondoka na braketi iliyopona na alteneta iliyokufa, kisha anasema spea za siku hizi ni feki. Chomoa betri, chomoa waya za alteneta, na ikiwezekana toa kabisa kipande kinachochomelewa.

Wenye Land Rover za kabla ya mwaka 1967 waangalie jambo moja zaidi. Nyingi kati yake zilitoka kiwandani waya chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi. Alteneta ya kawaida ikifungwa bila kugeuza mpangilio huo, inaungua mara moja.

Dawa ya kudumu

Njia inayofaa zaidi ni kuacha kiraka na kutengeneza braketi mpya kwa bamba la chuma la kawaida lenye unene wa milimita 8 hadi 10. Braketi hiyo iishike alteneta mbele na nyuma, na ifungwe kwenye injini kwa bolti mbili au zaidi zilizoachana. Nafasi zinazobaki zisijazwe washa. Fundi wa kerezo akate bushi moja ya urefu kamili, bolti ndefu ipite katikati yake.

Puli zipangwe kwanza, braketi ikatwe baadaye. Mafundi wengi hufanya kinyume. Chukua rula ndefu ya chuma au bomba jembamba lililonyooka, liweke kwenye uso wa puli ya krenki na utazame kama puli ya alteneta inaligusa sawasawa. Kama puli hazina unene sawa, kinachopimwa ni katikati ya mfereji wa mkanda.

Bolti za milimita ziwe zile zenye namba 8.8 kichwani, na kila bolti ijaribiwe kwa mkono kabla ya spana: bolti iliyo sahihi inaingia kwa vidole hadi karibu na mwisho. Meno ya injini yakiwa yameshaliwa, tundu litengenezwe upya na fundi wa kerezo, lisijazwe uzi wala gundi. Tumia washa za springi au nati zenye nailoni ndani.

Mkono wa kukazia mkanda, ule wenye mwanya mrefu, usigeuzwe kuwa ndio unaobeba alteneta. Kazi yake ni kuzuia mkanda usilegee tu. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, injini ikipoa, bolti zote zipitiwe tena kwa spana. Dakika kumi hizo ndizo zinazotofautisha kazi ya kudumu na kazi ya wiki mbili.

Kwa Hilux ya dizeli, usikubali kufungiwa alteneta isiyo na pampu ya breki kwa sababu tu ni ya bei nafuu. Na mipira ya oili ya pampu hiyo isiachwe imevutika. Inatakiwa iwe na ulegevu kidogo injini inapotikisika.

Hesabu ya mwenye gari

Tuweke mfano, kila msomaji abadilishe namba kwa bei za kwake. Tuseme nauli ya gunia ni Sh 3,000. Magunia 12 ni Sh 36,000 kwa safari, na safari mbili kwa siku ni Sh 72,000. Braketi ikikatika mara nne katika msimu, na kila mara gari likalala siku mbili, ni siku nane. Mapato yaliyopotea ni Sh 576,000, bila kuhesabu mikanda, kuchomelea, chakula cha utingo wala mteja aliyehamia kwa mwingine.

Sasa tuseme bamba, bolti, kazi ya kerezo na raba mpya za injini vyote vinafika Sh 250,000. Mwenye gari atasema ni ghali, kwa kuwa zinatoka mara moja. Kuchomelea kwa elfu chache chache kunaonekana nafuu kwa kuwa hasara yake haiandikwi popote. Ndiyo maana tunasisitiza daftari. Anayeandika siku gari liliposimama na sababu yake, msimu mmoja unatosha kumwonyesha kipi ni ghali.

Hasara haiishii kwake. Mkulima ambaye mzigo wake umekwama njiani wakati mvua za Novemba na Desemba zinaanza anaweza kufikisha korosho zilizolowa, zikashushwa daraja. Mwingine, mwenye ada ya shule mkononi mwa mwalimu na gari lisilotokea, atamwuzia mnunuzi wa kangomba aliyekuja mlangoni na fedha taslimu, kwa bei ya mnunuzi. Tunapojadili kangomba tunazungumzia sheria na tamaa. Ni nadra kuzungumzia gari lililoharibika.

Nini kifanyike

Kwanza, wakati wa kutengeneza gari ni kabla ya msimu, si ndani yake. Miezi ya Julai na Agosti, mkulima anapopulizia salfa, mwenye pikapu naye awe anapitia mikanda, puli, raba za injini na braketi. Spea inayolazimika kuagizwa Gerezani, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, ina muda wa kufika bila kulipiwa haraka.

Pili, wamiliki wa pikapu waungane. Watu watano wenye gari la aina moja wanaweza kumpa fundi kerezo kazi ya braketi tano kwa kipimo kimoja, na bei ya kila moja ikashuka. SIDO na VETA zipo Mtwara, na kazi ya namna hii ndiyo hasa ya karakana za ufundi stadi.

Tatu, vyama vya msingi vinavyokodi magari viangalie hali ya gari kabla ya kuangalia nauli. Gari la bei ya chini linalolala njiani na magunia ya wanachama si la bei ya chini.

Barabara zinabadilika. Kipande cha Mnivata, Newala hadi Masasi chenye kilomita 160 kiliingia katika ujenzi wa lami baada ya mikataba kusainiwa mwaka 2023. Lami itapunguza mtikisiko, lakini itaongeza mwendo, na mwendo unahitaji breki. Njia za mashambani zitabaki na mchanga wake.

Kwa hiyo, mwenye pikapu wa Lisekese, siku utakapoikuta braketi imekatika, usimwambie fundi "chomelea." Mwulize kwanza imekatwa na nini. Akishindwa kukujibu, gari bado halijatengenezwa.